Upepo Unatoka Wapi?

"Ami, ndege zimepotea njia?"

Aliyeniuliza hivyo ni mtoto wa Kiembe Samaki, Unguja. Kwao ni karibu na kiwanja cha ndege. Wiki nzima alikuwa amezitazama ndege zikija kutoka upande wa mjini, zikipita juu ya mapaa, kisha zikitua. Halafu ghafla, siku moja ya Novemba, zikaanza kuja kutoka upande wa baharini, kule Fumba. Kiwanja ni kilekile na njia ya kutulia ni ileile, ila sasa zinaingilia mlango wa nyuma!

Hongera, mwanangu. Hongera sana. Wako watu wazima waliokaa mtaa huo miaka na miaka, na wanachojua kuhusu ndege ni kelele zake tu. Wewe umetazama, ukaona, kisha ukauliza. Haya, sogeeni wote, nawaambieni.

Ndege hazikupotea. Kila ndege inayokuja Zanzibar huuliza swali moja kabla ya kutua. Huliuliza tena kabla ya kuruka. Swali lenyewe ni hili: upepo unatoka wapi?

"Kwa nini iulize, Ami? Si ina injini kubwa?"

Inazo, tena za kutisha. Lakini hebu niambie, ukitaka kurusha tiara, unakimbilia wapi? Ukikimbia upepo ukikusukuma mgongoni, tiara inakufuata chini chini, inakwaruza mchanga, mpaka karatasi inachanika. Ukigeuka ukaukabili upepo, hatua chache tu, hiyo! Imeshapaa. Hukuongeza nguvu. Uligeuza uso tu.

Na ndege ni hivyohivyo. Kinachoibeba ni hewa inayopita kwenye mabawa yake. Hewa ikipita kwa kasi ya kutosha, mabawa yanainuka na mwili wote unafuata. Tuseme ndege moja kubwa inahitaji hewa ipite mabawani kwa kilomita 250 kwa saa ndipo iinuke. Leo upepo unavuma kilomita 30 kwa saa. Ndege ikiukabili, kilomita 30 imeshapewa bure kabla hata haijaondoka ilipo. Magurudumu yatakimbia 220 tu. Ikiupa upepo mgongo, itabidi yakimbie 280. Fanyeni hesabu wenyewe mkitaka. Tofauti ni 60, na hiyo 60 inakula njia, inakula mafuta, inakula matairi.

Wakati wa kutua ni hayohayo. Upepo wa usoni huipunguzia ndege mwendo wa ardhini, ikasimama mapema. Nahodha wa jahazi huuchukia upepo wa omo. Rubani huupenda.

Sasa rubani atajuaje upepo unatoka wapi? Upepo hauna rangi. Yuko mmoja pale kiwanjani, kazi yake ni hiyo tu. Amesimama kando ya njia, peke yake, juani na mvuani, juu ya mlingoti. Ni mfuko wa kitambaa wa rangi kali, mdomo mpana, mkia mwembamba, na chini uko wazi. Kunguru mmoja alitua karibu naye asubuhi moja, akaanza kumcheka.

"Wewe mfuko," akasema kunguru, "hata chini umetoboka! Wabeba nini?"

"Nabeba upepo," mfuko ukajibu. "Unaingia mdomoni, unatokea mkiani. Ukitulia, nalala nimeshikamana na mlingoti wangu. Ukivuma kidogo, nainuka nusu. Ukifika kilomita 28 hivi kwa saa, nanyooka moja kwa moja. Rubani akinitazama mara moja tu, kashajua mambo mawili: upepo una nguvu gani, na unatoka wapi."

"Mkia wako unaelekea kaskazini," kunguru akasema. "Basi upepo unatoka kaskazini."

"La! Hapo ndipo wengi wanapokosea. Usitazame mkia, tazama mdomo. Mdomo ndio unaoukabili upepo. Leo unatoka kusini."

Kunguru akanyamaza. Kisha akacheka tena, lakini safari hii kidogo. "Ah, sisi twalijua hilo zamani. Kunguru hatui akiupa upepo mgongo. Hata kwenye waya wa umeme, upepo ukiwa mkali, sote hukaa tumeukabili, manyoya yasifumuke."

Na kweli. Watazameni jioni. Huyu kunguru wa Unguja, mwenye shingo ya kijivu, asili yake si hapa. Aliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji. Akazikuta taka nyingi, akaona hapa pazuri, akazaana mpaka leo watu wanalalamika. Lakini kutua anajua.

"Ami, na kwa nini upepo ulibadilika?"

Swali zuri hilo! Hapo tunaingia baharini. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kuanzia Desemba hivi mpaka Machi huvuma kaskazi, kutoka upande wa kaskazini na mashariki. Kuanzia Aprili mpaka Septemba au zaidi huvuma kusi, kutoka upande wa kusini. Katikati yake pepo hugeukageuka na kusitasita. Ni wakati wa maleleji. Novemba ni mmoja wa miezi hiyo. Leo kusi haijaondoka vizuri, kesho kaskazi imeshabisha hodi. Ndiyo maana uliona ndege zikibadili mlango.

Majahazi ya zamani yaliishi kwa pepo hizi. Mabaharia wa Oman na Bara Hindi walikuja na kaskazi, wakauza tende na nguo, wakanunua karafuu na pembe. Kisha wakangoja. Waliweza kungoja miezi, mpaka kusi iwarudishe kwao. Ndege kutoka Muscat haingoji miezi, inafika kwa saa chache. Hata hivyo, ikifika juu ya Unguja, nayo huuliza: upepo unatoka wapi?

Waliojenga kiwanja walilijua hilo. Njia ya kurukia ndege pale kiwanjani haikuchorwa ovyo. Imelazwa kaskazini kwenda kusini, ili kaskazi ikija iwe na pa kukabiliwa, na kusi ikija iwe na pake. Na imeandikwa namba. Upande mmoja 18, upande wa pili 36. Namba kubwa nyeupe, kila moja ndefu kuliko mtu, ili rubani azione akiwa bado angani.

"Za nini hizo? Za nyumba?"

Hapana, ni namba za dira. Dira ina digrii 360 mzunguko mzima. Mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270, na ukirudi kaskazini ni 360. Ondoa sifuri ya mwisho. 180 inakuwa 18. 360 inakuwa 36. Kwisha! Rubani akiambiwa "tua 18," anajua pua yake ielekee kusini. Akiambiwa "36," pua kaskazini.

"Lakini Ami, 18 imeandikwa upande wa kaskazini! Si wamekosea?"

Lo, huyu mtoto ana macho! Hawajakosea. Namba ni ya yule anayefika. Ndege inayoelekea kusini inaingilia upande wa kaskazini, kwa hiyo namba yake lazima iwe pale inapofikia, mbele ya macho yake. Ukiandika kule mwisho, ataisoma akishatua, na itamsaidia nini?

Nikiwa hapohapo niwaambie kioja kimoja. Sindano ya dira haitulii mahali pamoja maisha yote. Inahama, polepole mno, mwaka hadi mwaka, kwa sababu ya mambo yaliyo chini kabisa ya ardhi. Kiwanja cha Stansted kule Uingereza kililazimika kubadili namba zake mwaka 2009. Zilikuwa 05 na 23, zikawa 04 na 22. Njia haikusogea hata shubiri.

Basi tuseme ni Julai. Kusi inavuma. Ndege inatoka Doha, imejaa wageni, wamebandika paji la uso dirishani wanatafuta bahari ya rangi ya feruzi. Rubani hatafuti bahari. Anaongea na mnara wa kuongozea ndege, na mwongozaji anamwambia upepo unatoka digrii ngapi na una nguvu gani. Nguvu yenyewe hutajwa kwa maili za baharini kwa saa, kipimo kilekile cha manahodha. Kisha anaambiwa: njia 18. Ndege inazunguka, inashuka kutoka kaskazini, inapita karibu na mji, inagusa lami, matairi yanatoa moshi. Kwa nini moshi? Kwa sababu tairi lilikuwa halizunguki, na ghafla linaguswa na ardhi inayopita mbio.

Kuna siku utaona ndege inakuja kombo, pua imegeukia upande mmoja na mwili unakwenda upande mwingine. Usiogope. Kusi na kaskazi hazivumi sawasawa na mstari wa njia, hupinda kidogo. Rubani anageuza pua kidogo kuelekea upepo ili asisukumwe nje ya njia. Karibu na ardhi anainyoosha, tena dakika ya mwisho kabisa. Mimi huwa nasimama kutazama hapo. Nikiulizwa kazi ya rubani ni ipi, naonyesha pale.

Upepo ukiwa dhaifu sana, mnara unaweza kuchagua upande wowote ulio rahisi zaidi siku hiyo. Kwa hiyo msije mkagombana na mwongozaji kwa sababu kuti la mnazi lilitikisika kidogo.

"Na njia yenyewe ni ndefu kiasi gani?"

Mita 3,022. Mkitembea mwendo wa kwenda skuli, ni zaidi ya nusu saa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Zamani ilikuwa mita 2,462. Ikarefushwa, maana ndege kubwa inayokwenda mbali hubeba mafuta mengi, na mafuta ni mazito, na kitu kizito kinahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Vile vindege vidogo vyenye propela, vinavyokwenda Pemba na Dar es Salaam, havina shida hiyo. Vinakimbia kidogo, vimeshapaa, na dakika 20 hivi baadaye viko Dar.

Kiwanja kiliitwa Kisauni zamani. Tangu 2010 kinaitwa Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar. Siku hizi wageni wa nje wanashukia Terminal 3, jengo kubwa lenye vioo vingi. Mkienda kumpokea mtu hapo, msitazame vioo tu. Tazameni mizigo. Utaona mgeni anasukuma mfuko mrefu, mzito. Ndani mna tiara.

Ndiyo, tiara! Ila kubwa, ya kuweza kumvuta mtu mzima juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao. Wanakwenda Paje, pwani ya mashariki, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Wakishuka tu, wanamuuliza dereva wa teksi: upepo unatoka wapi? Masika yakiingia, Aprili na Mei, mvua ni nyingi, baadhi ya mahoteli yanafunga, na Paje hubaki na wenyewe.

Lakini nyinyi wa Kiembe Samaki, Chukwani na Tomondo, tiara zenu msizirushe karibu na kiwanja. Nasema kwa upole, lakini nasema. Uzi wa tiara ni mwembamba, rubani hauoni, na injini haichagui inachomeza. Na taka za chakula msitupe karibu na ua. Kunguru watakuja, nao hawasomi vibao. Ndege ikigongana na kunguru, hasara ni ya wote wawili.

Haya, sasa kazi yenu. Kesho asubuhi simameni uwanjani. Chukueni mchanga mkavu kidogo, uacheni udondoke, muone unasukumwa upande gani. Semeni "18" au "36" kabla ndege ya kwanza haijaonekana. Kisha ngojeni muone nani amepatia.

Na wale wenye ndugu ng'ambo ya maji, nina fumbo lenu. Njia kubwa ya kiwanja cha Dar es Salaam imeandikwa 05 na 23. Ile ya Mombasa imeandikwa 03 na 21. Chukueni dira, mniambie kila moja imelala kuelekea wapi. Halafu toeni namba ndogo kwenye namba kubwa, Dar, Mombasa na hapa kwetu Unguja. Jibu litakuwa moja mara zote tatu. Nani ataniambia kwa nini?