Kujihisi mzima si kupona: tuzungumze kuhusu dawa za presha na sukari

Nianze kwa kukiri kosa langu, ili msomaji asidhani ninamnyooshea mwenzangu kidole. Miaka sita iliyopita nilimpeleka mama yangu kliniki. Nesi alipomaliza kumpima akanigeukia, akanifunga ile mashine mkononi kwa mzaha tu. Ikaonyesha 178 kwa 104. Kichwa hakikuwa kikiniuma na kizunguzungu sikuwa nacho. Asubuhi ile nilikuwa nimekula mahamri na mbaazi zangu, nikatembea kwa miguu. Nikaandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi, nikakimeza kwa miezi minane. Presha ikashuka. Hapo ndipo nilipopotea, maana nilisema nimepona.

Barazani mzee mwenzangu aliniambia kuwa vidonge hivyo ukivizoea huviachi tena, na kwamba mwisho wake huharibu figo. Mimi nilikuwa natafuta sababu, nikaipata. Nikaacha. Siku ya kliniki ilipofika presha ilikuwa imepanda, na daktari, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akaniuliza kwa heshima, "Mzee, dawa unameza?" Nikamjibu, "Nameza." Basi akaniongezea dawa nyingine, akidhani ile ya kwanza imeshindwa. Nayo pia sikuimeza.

Baada ya miezi minne hivi, nilikuwa nimekaa nashona kofia, kazi niliyoifanya tangu ujana. Sindano ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, vidole vikakataa. Binti yangu akaniuliza kuna nini, nikataka kumjibu, maneno yakatoka yamepinda. Kilikuwa kiharusi. Nashukuru Mungu kilikuwa chepesi: leo natembea na nasema vizuri. Lakini mkono wa kulia haushiki sindano. Kofia ile bado imo kabatini, imeshonwa upande mmoja.

Sasa nieleze yale ambayo laiti ningeyajua mapema.

Moyo husukuma damu kwenye mishipa kama pampu isukumavyo maji kwenye bomba. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapobana, na ya chini ni wakati moyo unapolegea. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikaonekana hivyo ukipimwa siku tofauti, tayari ni presha ya juu. Nguvu hiyo ikizidi siku baada ya siku, mishipa huwa migumu, na ile midogo ya ubongo, macho na figo huumia polepole. Haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asihisi lolote. Kwa hivyo kutumia hisia zako kama kipimo ni kujidanganya.

Kidonge nacho hakiing'oi presha. Kinaishusha kwa muda kikiwa mwilini, na ukikiacha inarudi. Mwavuli hauzuii mvua kunyesha, unakuzuia wewe kurowa. Presha yangu ilipopimwa ikawa nzuri, haikuwa dalili kwamba dawa sihitaji. Ilikuwa dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Tusione kwamba ni ujinga wa watu wa Pwani peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaotumia dawa zao kama walivyoagizwa. Sababu ni nyingi, na kila moja ina njia yake.

Hofu ya figo. Ukweli ni kwamba presha na sukari zisizodhibitiwa ni miongoni mwa mambo yanayoharibu figo zaidi duniani. Vidonge tunavyopaswa kuviogopa ni vile vya maumivu, kama diclofenac na ibuprofen, tunavyonunua duka la dawa bila kuuliza kila goti linapouma. Hivyo vinaweza kupandisha presha na kuumiza figo vikitumiwa ovyo. Mwenye presha au sukari amuulize daktari kwanza.

Madhara ya dawa. Yapo, tusifichane. Amlodipine inaweza kuvimbisha miguu. Enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Metformin ya sukari huweza kuchafua tumbo, hasa mwanzoni, ndiyo maana huambiwa uimeze pamoja na chakula. Dawa ya hayo ni kurudi kwa daktari na kusema, kwani dawa za kubadilisha zipo. Kuacha ghafla ni hatari, na kwa dawa kama atenolol na propranolol hatari ni kubwa zaidi: moyo unaweza kwenda mbio na presha kuruka juu.

Pesa. Najua wanaomeza leo na kuruka kesho ili paketi ifike mwisho wa mwezi. Mweleze daktari hali yako bila haya. Mara nyingi dawa ileile iko kwa jina la kitaalamu kwa bei nafuu kuliko ile yenye jina la kampuni. Afadhali uandikiwe dawa moja unayoimudu kila siku kuliko tatu za kununua mwezi mmoja tu.

Mitishamba. Mwarobaini na mlonge tumelelewa navyo na sivitukani. Lakini visichukue nafasi ya kidonge, na daktari ajue unavitumia, kwa sababu baadhi ya mimea huweza kushusha sukari, na ikikutana na dawa ikashuka kupita kiasi. Na tukizungumza ya jikoni, papa mkavu na achari vina chumvi nyingi. Kidonge hakiwezi kushindana na sahani ya chumvi kila siku.

Ramadhani. Hapa wengi wetu hukosea, tukaacha dawa mwezi mzima au tukameza zote wakati wa kufuturu. Kidonge cha mara moja kwa siku mara nyingi huweza kuhamishiwa futari au daku, lakini anayehamisha awe daktari. Kwa mwenye sukari anayetumia insulini au dawa kama glibenclamide jambo ni zito zaidi, kwani sukari inaweza kushuka akiwa amefunga hadi akazimia. Aende kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, aambiwe kama afunge na dawa zipangwe vipi.

Hivi ndivyo ninavyofanya mimi siku hizi. Vidonge nimeviweka karibu na mswaki, nameza baada ya sala ya alfajiri. Kile cha kukojoza nakimeza asubuhi hiyo hiyo, la sivyo usiku hulali. Nikisahau, nameza nikikumbuka siku ile ile. Ikiwa wakati wa kidonge kijacho umekaribia, naruka, wala simezi viwili pamoja. Nachukua vingine wiki moja kabla havijaisha. Nikisafiri kwenda arusini Lamu, vinakaa kwenye mkoba wa mkononi. Wenye insulini wakumbuke joto letu: haiachwi ndani ya gari wala haigandishwi. Asiye na friji anaweza kuiweka kwenye chombo kilichofungwa vizuri ndani ya mtungi wa udongo wenye ubaridi.

Ukiwa mbele ya daktari, uliza manne: dawa hii ni ya nini, niimeze lini, na chakula au bila chakula, na nikisahau nifanyeje. Ukiwa hujameza, sema hujameza. Uongo wangu ule wa neno moja uliniongezea dawa na haukunipunguzia hatari.

Na mkimwona mtu uso umepinda upande, mkono umelegea au maneno yamechanganyika, msimpake mafuta wala kusema ni upepo mbaya. Mkimbizeni hospitali saa ile ile, kila dakika ina thamani.

Binti yangu huniuliza kila asubuhi, "Baba, umemeza?" Zamani nilikuwa nikikasirika. Siku hizi namwonyesha paketi, ahesabu mwenyewe. Nakuomba na wewe leo usiku ukamwombe mzazi wako akuonyeshe yake. Ukikuta vidonge vimebaki vingi kuliko siku, usimgombeze. Kaa naye, umuulize kwa nini.