Karatasi Iliyopelekwa Mahakamani

Maneno ya karatasini yamewahi kumfikisha mtu kizimbani. Tena Dar es Salaam, si mbali na kwetu Kimbiji.

Mwaka 1958 Tanganyika ilitawaliwa na gavana wa Kiingereza. Hatukumchagua sisi. Wilayani alikuwapo bwana shauri, wazee wanamkumbuka. Neno lake amri.

TANU ilikuwa na kijigazeti chake, Sauti ya TANU, karatasi chache tu za kudurufu. Katika toleo la 29 Mwalimu Nyerere aliwalaumu mabwana shauri wawili. Serikali ikamshtaki kwa kashfa. Hukumu: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa.

Mbona wenye bunduki waliogopa karatasi? Msemaji ukimfukuza mkutanoni, amenyamaza. Karatasi huenda kijiji cha pili, na ajuaye kusoma huwasomea wasiojua.

Ulaya nako ni vivyo hivyo. Mwaka 1638, kijana John Lilburne alichapwa viboko njiani London kwa ajili ya vitabu vidogo vilivyowapinga maaskofu wa mfalme. Akafungwa. Humo gerezani akazidi kuandika! Mfalme huyo, Charles wa Kwanza, alikatwa kichwa mwaka 1649.

Hapa kwetu hakukatwa mtu kichwa. Tarehe 9 Desemba 1961 tulipata uhuru, na Waziri Mkuu alikuwa yule yule mshtakiwa.