Nywele Zinapotuaga: Tiba Ipi, kwa Nani, na Lini?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeona niwaachie wenzangu mashairi na hadithi, mimi niandike juu ya jambo ambalo watu wengi hulificha chini ya kofia na kitambaa. Jambo lenyewe ni kunyonyoka kwa nywele.

Likizo iliyopita nilikaa kwa shangazi yangu huko Ruiru. Jumamosi moja aliniita nimsaidie kufumua nywele. Nilipofika karibu na masikio nikanyamaza. Ngozi ilikuwa wazi, inang'aa kama sahani.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Si kitu, shangazi."

Akacheka kidogo. "Wacha uongo. Mimi najua, ni miaka mitatu sasa."

Kisha akafungua kabati, akanionyesha chupa tano za mafuta. Nyingine alizinunua steji ya Ruiru, nyingine mjini Thika, na kila moja imeandikwa ati inaotesha nywele. Hakuna iliyootesha hata unywele mmoja. Basi nikarudi shuleni na swali hilo kichwani, nikasoma, nikauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kila unywele huota ndani ya kitundu kidogo cha ngozi kiitwacho kinyweleo. Kichwa kimoja kina vinyweleo kama 100,000. Unywele hukua kwa miaka 2 hadi 7, kisha hupumzika kama miezi 3, halafu hudondoka na mwingine hushika nafasi yake. Kwa hivyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Ukiziona kwenye kitana usipige nduru.

Shida huja zinapokosa kurudi, au zinaporudi nyembamba. Hapo swali la kwanza si "nipake nini?" bali ni "kinyweleo kiko hai au kimekufa?" Kilicho hai huweza kuamshwa. Kilichogeuka kovu hakiamki. Mashamba ya mananasi ya Thika huchipua kwa sababu chini yake mna udongo, lakini ukimwagilia lami ya Thika Road mwaka mzima, hutavuna nanasi.

Tuanze na upara wa kurithi. Mwilini mna homoni iitwayo DHT, ambayo hutokana na homoni ya kiume. Kwa waliorithi udhaifu huo, homoni hiyo hunywesha vinyweleo polepole hadi nywele ziwe kama manyoya ya kifaranga. Wanaume huanzia kwenye pembe za paji la uso na utosini. Wanawake nao hupata upara huu, ila kwao nywele hupungua pale zinapogawanywa katikati. Watu husema upara hutoka kwa wajomba tu. Kumbe sivyo, huweza kutoka upande wowote wa ukoo.

Dawa ijulikanayo zaidi ni minoksidili ya kupaka. Hapo awali ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, madaktari wakashangaa kuona wagonjwa wakiota nywele. Marekani iliidhinisha ile ya kupaka kwa wanaume mwaka 1988, na kwa wanawake mwaka 1991. Dawa hii yataka subira ya miezi 4 hadi 6. Wiki za kwanza nywele huweza hata kudondoka zaidi, na wengi huvunjika moyo hapo. Tena ukiiacha, ulichopata kitaondoka. Mama mjamzito asiitumie, nasi tulio chini ya miaka 18 tusijipake bila daktari.

Ya pili ni finasteridi, kidonge kinachopunguza DHT, ambacho Marekani ilikiidhinisha kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Hiki huandikwa na daktari, kwani baadhi ya watumiaji hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa na wengine huingiwa na huzuni nzito. Mwanamke mjamzito asikiguse kikiwa kimevunjika, maana chaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Njia ya tatu ni kupandikiza. Daktari huchukua vinyweleo vya kisogoni, visivyosumbuliwa sana na DHT, akavipanda palipo wazi. Daktari Norman Orentreich wa New York alianza kazi hii mwaka 1952. Ni njia ya gharama kubwa, na mizizi ya nywele zetu Waafrika hujipinda chini ya ngozi, kwa hivyo yahitaji fundi aliyezizoea. Mwenye ngozi inayofanya makovu ya kuvimba aseme mapema.

Sasa tuje kwa shangazi. Yake haikuwa ya kurithi, ilikuwa ya kuvutwa. Miaka nenda miaka rudi alisukwa rasta ndogo za kubana, juu yake akashonewa nywele za bandia. Nywele za kando ya uso ndizo huumia kwanza. Mwanzoni vinyweleo huvimba tu, na ukilegeza msuko nywele hurudi zenyewe. Lakini mvuto ukiendelea kwa miaka, kovu huingia, na hapo mafuta ni kazi bure.

Wako pia wanawake ambao nywele huanza kutoka utosini na uwazi ukaenea kama duara, pengine kwa mwasho au uchungu. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi yao wana kasoro katika jeni iitwayo PADI3, basi tusimlaumu msusi peke yake. Daktari hutoa dawa za kutuliza uvimbe, na shabaha yake ni kuokoa nywele zilizobaki. Kuchelewa hapa ni hasara ya kudumu.

Kuna na habari njema. Nywele huweza kupukutika miezi 2 au 3 baada ya kujifungua, homa kali, au huzuni kubwa. Nyingi hurudi zenyewe baada ya miezi kadhaa. Upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingoni ukiwa ndio chanzo, hutibiwa huo kwanza. Zikitoka kwa viraka laini vya mviringo, huenda kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia nywele, na daktari huweza kuchoma sindano mahali penyewe.

Tusisahau mapunye, wenzangu wa bweni! Hii ni kuvu, na huambukizwa kwa mashine za kunyolea, vitana na kofia. Krimu pekee haifiki kwenye mzizi. Hutibiwa kwa vidonge vya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Usimcheke mwenzako, mwelekeze kwa matroni.

Je, zile chupa tano? Mafuta huweza kulainisha nywele zisikatike, na hilo si jambo baya, lakini hayafufui kinyweleo. Vidonge vya biotini navyo humsaidia aliyepungukiwa nayo, na watu hao ni wachache. Tena huweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu.

Shangazi hatimaye alienda hospitali ya umma. Daktari alimwonyesha kwa kioo palipo na vinywele vidogo, akasema, "Hapa pana matumaini." Kisha akagusa palipong'aa, akasema, "Hapa tumechelewa, mama." Leo amenyoa, kitambaa ameweka kando, na nywele za upande wa kushoto zimeanza kurudi. Za kulia hazijarudi.

Basi wasichana wenzangu, siku ya kufungua shule, ukitoka saluni ukihitaji Panadol ili ulale, msuko huo umebana mno. Vipele kwenye kipaji navyo ni ishara hiyo hiyo. Mwambie msusi, "Dada, legeza kidogo." Haoni vibaya. Nawe mvulana unayemtania mwalimu mwenye upara, jiangalie kwanza kwenye picha za babu zako. Aliye na shida aanzie hospitali iliyo karibu, kama ile ya Thika Level 5 au ya Ruiru, aulize chanzo kabla ya kununua chupa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu, jamani, wakati mwingine hata fundi hapatikani wa kuujenga.