Mwalimu, utoke ukiwa na miaka 50 au ungoje 60? Piga hesabu kwanza

Mwalimu akifikisha miaka 50, kuna swali linaanza kumfuata hadi kwenye chumba cha walimu: niendelee na chaki hadi 60, ama nitoke sasa nikiwa bado na nguvu? Wateja wetu wengi ni walimu wa shule za umma, na swali hili tunaulizwa sana. Hatuwezi kukuamulia. Lakini tunaweza kukuonyesha jinsi pensheni inavyohesabiwa, ili uamuzi wako usimame juu ya namba na si juu ya hasira za muhula mmoja mbaya.

Milango ya kutokea

Mwalimu aliyeajiriwa na TSC kwa masharti ya kudumu hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Anayeishi na ulemavu anaruhusiwa kufika 65. Ukitaka kutoka mapema kwa hiari yako, mlango hufunguliwa ukifikisha 50. Kuna pia kustaafu kwa sababu za kiafya, na hapo lazima madaktari wathibitishe kwamba huwezi kuendelea na kazi.

Hapa kuna jambo moja ambalo huwaumiza watu. Kujiuzulu si sawa na kustaafu mapema. Mwalimu wa miaka 48 anayeandika barua ya kujiuzulu kwa sababu biashara imechangamka anaweza kujikuta amepoteza pensheni ya miaka mingi chini ya mfumo wa zamani. Kama umebakisha mwaka au miwili ufike 50, vuta pumzi. Uliza kwa maandishi utapata nini kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.

Uko kwenye mfumo gani?

Tarehe ya kukumbuka ni 1 Januari 2021. Siku hiyo ndipo mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSS, ulianza. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa moja kwa moja. Waliokuwa na 45 na zaidi waliachiwa wachague: kuingia, ama kubaki kwenye mfumo wa zamani unaolipwa na serikali kutoka Hazina ya Taifa.

Hii ina maana kwamba walimu wanaofikisha 50 kuanzia mwaka wa 2026 ni wale walioingizwa PSSS bila kuulizwa. Hesabu ya mwalimu mwenzako aliyestaafu juzi huenda isiwe hesabu yako. Usimwige kabla ya kuangalia hati yako ya mshahara. Ukiona makato ya PSSS kila mwezi, uko kwenye mpango mpya.

Hesabu ya mfumo wa zamani

Kanuni yake ni rahisi. Chukua mshahara wako wa msingi wa mwaka, uzidishe kwa miezi uliyofanya kazi, kisha ugawe kwa 480. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayahesabiwi. Lazima uwe umehudumu angalau miaka 10 ndipo upate pensheni ya kila mwezi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 52 aliyefundisha miaka 28, yaani miezi 336. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 50,000 kwa mwezi, sawa na 600,000 kwa mwaka.

Pensheni ya mwaka: 336 ÷ 480 × 600,000 = shilingi 420,000.

Anaruhusiwa kuchukua robo ya hiyo pensheni kama kiinua mgongo. Robo ni 105,000, nayo huzidishwa mara 20. Anapata shilingi 2,100,000 kwa mkupuo.

Zinazobaki ni 315,000 kwa mwaka, yaani shilingi 26,250 kila mwezi.

Sasa mwalimu huyohuyo akae hadi 60, na tuseme mshahara usipande hata shilingi. Atakuwa na miezi 432. Pensheni yake ya mwaka itakuwa 540,000, kiinua mgongo 2,700,000, na malipo ya kila mwezi 33,750.

Tofauti ya kiinua mgongo ni laki sita, na ya kila mwezi ni 7,500. Mtu anaweza kusema si pengo kubwa. Lakini usisahau mshahara wa miaka minane katikati. Aliyetoka mapema anaishi kwa 26,250 mahali ambapo angepokea 50,000 pamoja na marupurupu. Ndiyo maana kustaafu mapema kunamfaa zaidi mtu ambaye tayari ana kitu kinachoingiza pesa, si yule anayepanga kukianzisha kwa kiinua mgongo.

Hesabu ya PSSS

Kwenye mpango mpya, mwalimu anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali inaongeza asilimia 15. Makato yalianza kwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, yakaenda 5 mwaka wa pili, kisha 7.5. Kwa mshahara wa 50,000, hiyo ni 3,750 kutoka kwako na 7,500 kutoka kwa serikali, jumla 11,250 kila mwezi. Pesa hizo huwekezwa na kuzaa faida.

Kwa hivyo PSSS haifuati ile kanuni ya 480. Unachopata ni kile kilichowekwa pamoja na faida yake. Ukistaafu unaweza kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na zinazobaki zinakulipa polepole. Ukitoka na miaka 50, mfuko wako umekosa michango ya miaka 10 na faida yake. Pia pesa hizo zinatakiwa zikulishe kwa miaka mingi zaidi.

Na miaka uliyofundisha kabla ya 2021? Haipotei. Inahesabiwa kwa mfumo wa zamani. Hakikisha tu kwamba rekodi zako za miaka hiyo ziko sawa.

Mambo yanayosahaulika

Mikopo. Ukistaafu, hati ya mshahara inaisha lakini deni la Sacco na benki linabaki. Orodhesha kila mkopo na tarehe utakapoisha. Kama mkopo wako unaenda hadi ukiwa na miaka 57, kutoka na 52 kunamaanisha kiinua mgongo kitaanza kwa kulipa deni.

Matibabu. Bima unayopata kwa sababu ni mwajiriwa inaisha kazi ikiisha. Michango ya SHA utailipa mwenyewe. Iweke kwenye bajeti kama unavyoweka unga na karo.

Kipindi cha kungoja. Faili hutoka TSC hadi idara ya pensheni pale Bima House, Nairobi, na malipo yanaweza kuchelewa kwa miezi. Weka akiba ya matumizi ya angalau miezi sita kabla ya kutoa notisi. Ukituma hata shilingi 200 kwa siku kwenye akaunti ya akiba ya simu, kwa mwaka una 73,000.

Makaratasi. Faili nyingi hukwama kwa vitu vidogo: jina la kitambulisho halilingani na la barua ya kuajiriwa, nambari ya akaunti ina kosa, barua ya kupandishwa cheo haipo. Anza kukusanya mwaka mzima kabla. Nenda Huduma Centre iliyo karibu ukiwa na swali lolote.

Warithi. Jaza na usasishe majina ya wanaokutegemea. Familia nyingi huvutana kwa miaka kwa sababu fomu iliandikwa mwalimu akiwa bado kapera.

Pesa ikiingia, angalia simu yako

Kiinua mgongo huingia kwenye benki. Haitoshei kwenye simu hata ukitaka: akaunti yako ya simu haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Mipaka hiyo pia inakulinda.

Wiki hizo ndizo matapeli huamka. Mtu atakupigia akijiita afisa wa pensheni, anajua jina lako na shule uliyofundisha, na atakwambia faili yako imekwama, tuma 5,000 ipitishwe. Kata simu. Faili haipitishwi kwa pesa zinazotumwa kwa nambari ya mtu binafsi. Mwingine atakuomba nambari yako ya siri "ili kuthibitisha akaunti." Sisi hatukuombi nambari ya siri hata siku moja, na hakuna afisa wa kweli atakayekuomba.

Pia ipe pesa muda ipoe. Kabla ya kununua matatu au kuanza ujenzi, kaa nayo miezi mitatu mahali salama. Hatifungani za serikali zinaanzia shilingi 50,000, na Sacco yako unaijua. Ndugu watakuja na mipango. Wasikilize, lakini jibu lao linaweza kungoja.

Kazi ya wikendi hii

Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita, kalamu na karatasi. Andika mshahara wa msingi, miezi uliyohudumu, mikopo iliyobaki na matumizi ya nyumba kwa mwezi. Kokotoa pensheni yako ya kila mwezi ukitoka leo. Kama inatosha chakula, karo na SHA bila kugusa kiinua mgongo, uko karibu na mlango. Kama haitoshi, sasa unajua imepungua shilingi ngapi, na una miaka kadhaa ya kuziba hilo pengo.