Kazi ya Afya na Wenye Kuitumia

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari za afya katika mkoa wa Songwe, uliokatwa katika Mbeya mwaka 2016. Lakini hatutasema neno juu ya dawa. Twataka kuuliza kwa nini zahanati yaweza kuwa na dawa, na mganga, na milango wazi, na bado watu wapite mbali.

Tutazame Tunduma kwanza. Barabara itokayo Dar es Salaam huenda zaidi ya kilomita 900 hata ikafika mpakani, na ng'ambo ndiyo Nakonde ya Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Huoana, huzikana, huuziana mahindi. Kwa hiyo kipindupindu kilipozuka kwa nguvu nchini Zambia tangu Oktoba 2023, mpaka haukuweza kuwa ukuta. Basi mtu akipanga kazi ya afya kwa kuhesabu wenye nyumba peke yao, amemwacha dereva alalaye ndani ya lori akingoja zamu, na utingo wake, na mama awapikiaye wali usiku. Kliniki ya saa tatu asubuhi humkuta mama huyo amelala, au yu sokoni. Hakuidharau, haikupangwa kwa ajili yake.

Kule Mbozi jambo ni jingine: wakati wa kuchuma kahawa hakuna mwenye nafasi. Na Momba, bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, mwendo ni mrefu na mvua hufunga njia.

Habari ya choo yatufundisha zaidi. Wapangaji hupenda hesabu nyepesi: nyumba moja, choo kimoja. Lakini katika desturi ya zamani ya Wanyakyusa, jirani zetu, mkaza mwana humwepuka baba mkwe wake, hata njiani hugeuka akajificha. Je, watatumiaje choo kimoja? Mahali desturi hiyo ingaliko, mmoja wao atakwenda porini, na mkaguzi ataandika kwamba watu wale ni wakaidi. Lau angaliuliza kabla ya kuchimba, angalipata jawabu kwa mama wa nyumba: chimbeni viwili, kimoja huku na kingine kule. Neno kama hilo halimo katika karatasi za ofisini, wala mwanamume mgeni hataambiwa barazani mbele ya wakwe. Yafaa atumwe mwanamke, akazungumze na wenzake kisimani.

Nchi yetu imekwisha kujaribu njia ya mazungumzo. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni iitwayo Mtu ni Afya. Watu wapata milioni 2 walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio kwa majuma 12 na kusoma kijitabu. Kiongozi wa kikundi alikuwa mtu wa hapo hapo, aliyefundishwa kuongoza mazungumzo. Kisha kikundi kilikata shauri lake chenyewe: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Vyoo vingi sana vilichimbwa. Ingawa tunaipenda redio, twakiri kwamba kazi kubwa ilifanyika redio iliponyamaza. Lakini majuma 12 hupita, na shimo hujaa. Kikundi kilichovunjika hakichimbi la pili.

Kwa hiyo kijiji kitakacho kuanza leo kisiandike mpango wa siku za ufunguzi tu. Kichague watu wake wa kukaa na kazi hiyo, na miongoni mwao awemo mama lishe, na dereva wa bodaboda, si wazee wa kamati peke yao. Baada ya miezi mitatu wakawatafute waliokuja kliniki mara moja wasirudi, wakawaulize kwa upole sababu. Huenda ikawa jambo dogo: benchi la kungojea limewekwa pale waonapo wote wapitao sokoni, na mtu aliyekuja kupimwa kifua kikuu hataki kutazamwa. Benchi lahamishwa kwa dakika tano.