Je, Wajua? Mjeledi Juu ya Sarafu

Kazakhstan ina sarafu ya fedha ya tenge 500 yenye picha ya kijana na msichana wakikimbizana juu ya farasi. Ni mchezo wa jadi uitwao kyz kuu. Kijana akimfikia msichana, hupata busu farasi wakiwa mbioni. Akishindwa, mambo hugeuka: msichana humkimbiza yeye, mjeledi mkononi, na kumcharaza mbele ya watu wote. Fahari iliyoje!

Madini ya fedha ndani ya sarafu hiyo ni asilimia 92.5. Sarafu za ukumbusho za nchi hiyo hutengenezwa Oskemen, katika kiwanda kilichoanzishwa 1992. Kiwanda kiliitangulia tenge yenyewe, iliyoanza kutumika tarehe 15 Novemba 1993.