Zomba, Jiwe Linalokatiza Njia ya Mirihi

Usiku usio na mbalamwezi, watu wa Gwata, mkoani Pwani, huziona nyota ambazo taa za Dar es Salaam zimezimeza. Lakini asteroidi 1468 Zomba hawataiona kwa macho matupu. Hata inapotukaribia sana, huwa hafifu takriban mara elfu moja kuliko nyota hafifu kabisa ambayo jicho linaweza kuiona.

Mwanaastronomia Cyril Jackson aliigundua tarehe 23 Julai 1938 huko Johannesburg. Wakati huo anga lilipigwa picha kwenye sahani za kioo: nyota hazisogei, asteroidi husogea. Mwaka uliotangulia alikuwa amezigundua asteroidi za Ruvuma, Mombasa na Pemba. Zomba ilipewa jina la mji wa Malawi.

Zomba hulizunguka Jua kwa miaka 3 na miezi 3, katika duaradufu iliyorefuka. Karibu kabisa na Jua huwa kilomita milioni 240 hivi, ikienda kasi ya kilomita 26 kwa sekunde. Mbali kabisa hufika milioni 420, ndani ya ukanda wa asteroidi, na huko kasi hushuka hadi 15, kwani mvuto wa Jua huivuta nyuma muda wote inapokwenda mbali. Mirihi yenyewe huwa kati ya kilomita milioni 207 na 249. Tazama tarakimu hizo vizuri: Zomba huvuka mpaka wa nje tu wa Mirihi, kisha hurudi ilikotoka.

Na kukatiza si kugongana. Njia ya Zomba imeinama nyuzi 10 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia. Ya Mirihi haifiki nyuzi 2. Ni kama magari ya pale Tazara, Dar es Salaam: la juu ya daraja la Mfugale na la chini yake hayakutani.

Jiwe lenyewe lina kipenyo cha kilomita 7 hivi, nalo hujizungusha kwa saa 2 na dakika 46. Muda huo wa kujizungusha hujulikana kwa kupima mwanga: upande mpana ukitugeukia mwanga huongezeka, mwembamba ukija hupungua.

Kwa hiyo ukitumiwa ujumbe kwenye simu kwamba asteroidi inakuja kutumaliza, uliza kwanza umbali wake wa karibu kabisa na Jua. Zomba haiifikii njia ya Dunia kwa zaidi ya kilomita milioni 80, yaani zaidi ya mara 200 ya umbali wa Mwezi.